Aliyezilowesha Glavu za Loretta

Minza mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda kutafuta sanduku la pili, maana la kwanza limejaa shanga, vipande vya ngozi na vifurushi vya sindano, nguo zimekosa pa kukaa. Nimebaki nacheka peke yangu. Binti anahamia upande wa pili wa nchi na makoti mawili tu, lakini shanga za bluu amebeba za kuvalisha farasi mzima. Haya, mimi ni nani hata nikushangae? Nilitoka Mwanza na nyundo tatu na shati moja la kanisani.

Ndege yako ni kesho asubuhi. Wageni wa kukuaga wanakuja leo saa moja jioni. Sasa hivi ni saa tisa na nusu, nyumba ni yangu, na nimekaa kwenye kiti chako cha kusomea, magoti yanagonga meza.

Sitakuandikia habari za baridi, wala kula kabla ya darasa, wala kupiga simu Jumapili. Mama yako ameyaandika hayo kurasa mbili na kuyabandika ndani ya kifuniko cha sanduku, ukifungua tu yanakusalimia. Mimi nina furaha ambayo imekataa kukaa chini. Leo kibandani nimemwambia kila mteja, hata yule bwana anayeleta viatu bila kusalimia. Nimemwambia binti yangu anakwenda kusomea utunzaji wa vitu vya kale vya ngozi na shanga, na kwamba makumbusho watamwekea mezani vitu vya bibi za watu avitengeneze kwa mikono yake. Bwana akaniuliza kama viatu vyake viko tayari. Havikuwa tayari. Nilikuwa nimeongea tangu saa mbili.

Lakini kuna jambo moja ambalo limenikaa kooni miaka tisa, na linahusu glavu za Bibi Loretta. Ukilisoma utakasirika, na utakuwa na haki. Nataka ulijue leo, kabla hujapanda ndege, kwa sababu kazi unayoiendea ni ya mikono na jambo lenyewe linahusu mikono yako. Naandika kwa Kiswahili ingawa najua utasoma ukifuata kwa kidole. Sababu utaiona.

Nianze na glavu zenyewe. Wewe ulikutana nazo ukiwa mtoto, ukazizoea. Mimi zilinikuta mtu mzima, fundi, mwenye majivuno yake.

Unakikumbuka kibanda changu cha kwanza, pale kwenye ngazi za kushukia treni? Upana wa kitanda, pazia nyuma, na nyuma ya pazia beseni na jiko la kuchemshia gundi. Nilikuwa nimekipata mwaka mmoja tu kabla. Mwenye jengo aliniambia wazi kwamba malalamiko ya mteja mmoja tu yanatosha, nifunge virago. Loretta tulikuwa tunaonana kwenye lifti, sisi wa ghorofa ya kumi na nne, yeye wa kumi na moja, dereva wa basi la shule mwenye kusuka nywele mikia miwili. Nilikuwa nadhani ni mtu wa Peru. Siku aliyokuja kibandani ndiyo siku aliyoniambia kwamba yeye ni wa kabila la Crow, wenyeji wa asili wa Amerika, kwao ni Montana, alifika Toronto kwa kuolewa na akabaki kwa ujane.

Akafungua foronya ya mto juu ya meza yangu, akatoa glavu mbili.

Minza, mimi nimezaliwa kwenye ngozi. Nimefanya kazi kiwandani Mwanza tangu nina miaka kumi na sita, nimeshika ngozi za ng'ombe, mbuzi, kondoo, sato, hata mamba. Lakini ile sikuwahi kuigusa. Nyeupe ya mtindi, laini hata nikadhani ni kitambaa, nikaigeuza ndani kuhakikisha. Loretta akaniambia ni ngozi ya paa, haikuona dawa ya kiwandani hata tone. Bibi yake aliikwangua, akaipaka ubongo wa mnyama, akaivuta na kuivuta kwa mikono mpaka ikakauka ikiwa laini. Nikamwambia haiwezekani. Akanitazama tu, kwa sababu ile iliyodaiwa kutowezekana ilikuwa mkononi mwangu.

Halafu shanga! Pindo pana la kufika karibu na kiwiko, limejaa shanga ndogo kuliko mbegu za mchicha. Uwanja wa bluu ya mbingu ya asubuhi, ua kubwa katikati, petali za zambarau iliyofifia, majani ya kijani ya aina mbili, na kila umbo limezungushiwa mstari mmoja mwembamba wa shanga nyeupe ili rangi zisigombane. Mgongoni mwa mkono, ua jingine dogo. Ukingoni matamvua ya ngozi, marefu, yaliyokatwa kwa kisu na kila moja unene ule ule. Nilitafuta alama ya penseli, mstari, chochote cha kumwongoza mshonaji. Hakuna. Bibi yule alikuwa na ua kichwani akalishusha kwenye ngozi.

Nikaomba kioo changu cha kukuzia, nikasahau kwamba ni changu na kiko mfukoni. Mishono haikutokeza upande wa ndani. Sindano ilikuwa imepita katikati ya unene wa ngozi, na ngozi yenyewe haizidi unene wa ganda la yai. Na uzi haukuwa uzi. Zilikuwa kano, ile mishipa migumu ya mgongo wa mnyama, zilizochanwa nyembamba na kusokotwa. Ama kweli, siku hiyo nilijiona mshona viraka.

Loretta alitaka kitu kimoja. Gumba la kulia lilikuwa limefumuka. Kaka yake angezivaa kiangazi kile, kwenye maandamano yao ya farasi huko kwao, familia nzima juu ya farasi, na farasi wenyewe wamevikwa shanga. Akaniambia hivi, na nakumbuka kila neno:

"Shona gumba tu, Masanja. Kingine chochote usiguse."

Nilishona gumba kwa nusu saa, kazi safi, mpaka leo haijaachia. Ningeishia hapo, barua hii ingekuwa na ukurasa mmoja wa baraka.

Sikuishia. Loretta alikuwa ametaja kwamba kaka yake ana mikono mikubwa kuliko babu yao, aliyeshonewa glavu zile, na kwamba atazivaa hivyo hivyo zikimbana. Nikafikiri, kumbe fundi nipo. Fundi viatu yeyote atakuambia: ngozi ikibana, ilowanishe, ivute kwenye kalibu, iache ikauke, itashika umbo jipya. Nimefanya hivyo kwa buti elfu. Nilitaka afungue foronya akute glavu zinaingia mkono wa kaka yake bila shida, aseme loo, huyu bwana. Nilitaka hiyo loo kuliko nilivyotaka kufuata alichoniambia.

Nikazitia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nyuma ya pazia. Nikachonga vijiti, nikazitoa majini, nikavipenyeza kwenye vidole, nikaziacha zikauke usiku kucha.

Asubuhi zilikuwa ngumu kama makopa ya muhogo. Ngozi iliyolainishwa kwa ubongo ambayo haijapitishwa kwenye moshi haitaki maji, ikikauka bila kuvutwa inarudi kuwa ngozi mbichi. Sikujua. Na kano nazo zilikuwa zimevimba zikalegea, halafu zikanywea ovyo, mistari ya shanga imening'inia, mingine imekatika. Shanga za bluu zilikuwa zimebaki kwenye kitako cha beseni. Nilikaa juu ya kigoda, nikashindwa hata kufungua mlango kwa wateja.

Sasa nikuambie kitu cha Mwanza. Kule kiwandani tulikuwa na desturi. Mtu akiharibu ngozi, iwe kwa kisu au kwa dawa kuzidi, anachukua chaki, anaandika jina lake mwenyewe juu ya ngozi ile, anaitundika ukutani karibu na mlango wa kuingilia. Inakaa wiki nzima. Watu wanapita wanacheka, wanakuuliza hiyo ni ngozi au ramani ya Ziwa Victoria, na Jumamosi inashushwa na hakuna anayeitaja tena. Mimi niliandika jina langu mara mbili. Nilichekwa mpaka machozi, na sikufukuzwa.

Kwa hiyo nilijua la kufanya. Nilijua kuandika jina langu juu ya ngozi niliyoiharibu. Nikaandika lako.

Loretta alikuja jioni ile. Ulikuwa umetoka shule, umekaa kwenye kona yako ya kibanda unachora. Alipoziona glavu aliziinua moja moja akaziweka chini. Akauliza kimetokea nini. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu kilichokuwa bado cha kuazima, kwamba mtoto amemwagia maji kwa bahati mbaya.

Uliinua kichwa. Ukasema, "Baba, mbona sikumbuki?"

Nikakujibu kwamba ulimwaga jana, umesahau? Na ni kweli jana yake ulikuwa umemwaga soda mezani. Nilishaifuta. Glavu hazikuwa hata mezani, zilikuwa nyuma ya pazia ndani ya beseni langu. Lakini nilikiokota kile kijisoda chako, nikakining'inizia uongo wote. Nikakuona unafikiri, unatafuta kichwani mwako, halafu nikaona sura inabadilika. Ukaniamini. Ulijiona mkosaji hapo hapo mbele yangu, ukaanza kulia, ukaenda kumshika Loretta mkono na kumwomba msamaha.

Minza, hukukumbuka kwa sababu halikutokea. Hukumwaga kitu kwenye glavu zile. Hukuzigusa. Ni mimi.

Uongo ule niliusema kwa Kiingereza, lugha ambayo ndani yake naweza kujifanya sijasema vizuri au sijaelewa vizuri. Kwa Kiswahili sina pa kujificha. Ndiyo sababu.

Utaniuliza kwa nini. Niliogopa kibanda. Nilikuwa nimetuma picha yake nyumbani, kaka zangu wanajua nina biashara Kanada, na mama yako alikuwa anafanya kazi za usiku kulea wazee wa watu na miguu imevimba. Hayo yote ni kweli na hayatoshi. Ukweli wa chini kabisa ni aibu. Mtu aliniambia usiguse, nikagusa, na sikuweza kumtazama nikasema nimegusa. Mtoto wa miaka tisa watu wanamsamehe upesi. Nilipiga hesabu hiyo haraka sana, na hadi leo uharaka wake unanitisha.

Loretta aliniuliza swali jingine moja tu, ananitazama: maji ya glasi? Nikasema ndiyo. Akakufuta machozi, akakuambia uje kwake Jumamosi, mtazitengeneza pamoja.

Na hapo, mwanangu, ndipo ninapochanganyikiwa, maana Jumamosi zile zilikuwa nzuri! Nimejaribu kuzichukia nimeshindwa. Unakumbuka ile ya kwanza? Loretta aliniita na mimi. Akanyunyiza ngozi unyevu kidogo tu, akanikalisha mbele ya kiti cha mbao, akaniambia nivute glavu kwenye ukingo wa mgongo wa kiti, huku na huku, nisipumzike mpaka ikauke kabisa. Nilivuta tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Viganja vilitoka malengelenge. Nikiomba maji ya kunywa ananiletea, ananiambia vuta. Nilijisifu kwamba amenichagua kwa sababu nina nguvu. Mjinga mimi. Na ile ngozi, kidole kwa kidole, ikaanza kurudi. Kwanza ilisikika kama karatasi, halafu kama turubali, halafu saa kumi na moja ikalala mkononi mwangu ikiwa laini, nikapiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Wewe ulikuwa sakafuni unaokota shanga kwa ncha ya kidole ulichokilamba, moja moja, kwa sababu Loretta alisema bluu ile ya zamani haipatikani tena dukani. Kisha akakufundisha mshono wao. Nilikuwa naangalia kwa wivu. Unatunga shanga kwenye uzi, unaulaza mstari mzima juu ya ngozi, halafu uzi wa pili unapita kukata njia, unaufunga ule wa kwanza kila baada ya shanga chache, mistari inalala bapa kama mkeka, haitikisiki. Mimi vidole vyangu vya nyundo vilivunja sindano nne kwa saa moja. Vyako vilijua. Ulikuwa unauma ulimi, unahesabu kwa Kisukuma alichokufundisha bibi yako kwa simu, kwenye zile kadi zetu za dola tano: imo, ibili, idatu. Loretta akazikariri. Mpaka leo anahesabu shanga za Crow kwa Kisukuma, na haoni ajabu.

Miezi miwili. Kidole kidogo cha kushoto hakikurudi kamwe, kimebaki kigumu. Lakini picha ilikuja, kaka yake Loretta juu ya farasi wa kijivu, mikono mbele imeshika hatamu, maua yote mawili yanaonekana. Uliruka kitandani mpaka wa ghorofa ya kumi na tatu wakalalamika. Nami nikaruka nawe. Nilijiambia mambo yameisha vizuri, hakuna aliyeumia.

Lakini mtu alikuwa anaumia taratibu, na nilikuwa nakula naye meza moja. Mjomba wako Deo ndiye aliyekupa jina la Mafuriko. Kila sikukuu, kabla hata ya sala, anasema sogezeni glasi, Mafuriko amefika, na maji yakimwagika hayazoleki. Watu wanacheka. Nami nimecheka, Minza. Miaka tisa nimekaa kichwani mwa meza na kucheka. Ukawa hunywi kitu chumbani ukiwa na kazi ya mkono. Ukawa unaosha mikono mpaka inapasuka kabla ya kugusa ngozi. Ukitaka kushika kitu cha mtu unaomba ruhusa, unaomba tena, na ukishapewa unauliza una uhakika? Watu wa kanisani wakanisifu kwamba nimelea binti mwenye adabu. Nikapokea sifa.

Wiki tatu zilizopita, barua ya chuo ilipofika, nilichukua maandazi nikashuka hadi ghorofa ya kumi na moja kumpa Loretta habari. Nilikuwa naimba kwenye lifti. Alifurahi, akanikumbatia, akasema kiangazi kijacho utavuka mpaka uende kwao, dada yake atakufundisha kulainisha ngozi tangu mwanzo, na utaona farasi wenyewe. Tukala. Halafu akaniuliza kama nimesoma ile insha uliyoandika kuomba nafasi. Nikasema niliichapisha maktabani, sikuisoma, Kiingereza kilikuwa kirefu. Akatoa nakala uliyompa, akanisomea mstari wa kwanza. Unaujua. Umeandika kwamba ulianza kazi hii kwa sababu ukiwa mtoto uliharibu kitu cha thamani cha familia ya watu, na tangu hapo unajaribu kulipa.

Nikarudisha andazi kwenye sahani.

Loretta akasema, "Maji ya glasi huacha doa mahali pamoja. Zile zilikuwa zimelowa hadi ndani ya kila kidole, na kila kidole kina alama ya kijiti. Nilijua siku ile ile."

Nikamwuliza mbona alinyamaza. Akasema alikuwa ananingoja. Alidhani nitasema Jumamosi ile ya kuvuta ngozi, ndiyo maana alinivutisha siku nzima. Halafu mtoto akazipenda shanga, akaona akisema yeye atakuondolea baba, na baba alikuwa mmoja tu. Naye pia alikosea, akasema, na atakuambia mwenyewe. Kisha akaweka kikombe chini.

"Anakwenda kushika vitu vya wafu huku anaamini mikono yake ni ya hatari. Ataogopa, na mwenye kuogopa ndiye anayeangusha. Mwambie kabla hajaondoka. Usipomwambia, nitamwambia mimi uwanja wa ndege."

Wiki tatu! Nimeanza barua hii mara sita. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na aliyekuwa anaitembea ni wewe. Mama yako nimemwambia juzi. Hajasema nami tangu juzi, kama umeona chumvi imezidi kwenye mboga, sababu ni mimi.

Sitakushauri sana. Mtu aliyefanya niliyoyafanya anapotoa mawaidha, hata kuku wanacheka. Nitakuambia tu ninachokijua kwa uhakika, kwa sababu nilikuwepo. Mikono yako ilikuwa safi tangu mwanzo. Wewe ndiye uliyelaza mistari ile ya shanga chini tena, ukiwa na miaka tisa, bila kuvunja sindano hata moja. Kitu pekee ulichokifanya kwa glavu zile ni kuziponya. Chuo hawajakuchukua kwa kosa lako, maana kosa halikuwa lako. Wamekuchukua kwa mishono. Niliwaona wale waliokuhoji wakiitazama kazi yako kwenye kompyuta, walikuwa wanasogeza pua karibu na kioo kama nilivyofanya mimi siku ya foronya.

Na siku utakayoharibu, maana utaharibu, hakuna fundi asiyeharibu, tafuta chaki mapema. Wiki moja ya kuchekwa inapita. Mimi nilikwepa wiki moja nikakupa wewe miaka tisa.

Leo mezani Deo atakapoanza na glasi zake, nitasimama. Nitasema mbele ya watu wote waliokuwa wakicheka, kwa Kiswahili kwa ajili yao na kwa Kiingereza kwa ajili ya Loretta, nani alikuwa na beseni. Wacheke watakavyo. Ukiona hutaki kukaa meza moja nami, kaa na Loretta chini kwake, nitapeleka chakula mlangoni. Ukiona hutaki nikupeleke uwanja wa ndege, Deo ana gari. Sitakuomba unisamehe kabla ya kesho ili mimi nilale. Chukua muda unaoutaka, hata uwe miaka tisa.

Lakini furaha yangu usiniambie niizime. Haki ya Mungu, siwezi. Nakuona umeinama juu ya meza kubwa nyeupe, mbele yako vazi la mtu aliyekufa zamani, watu wamesimama pembeni wanashikilia pumzi, na wewe unanyoosha mkono bila kumwuliza mtu kama una uhakika.

Nasikia lifti. Ni ninyi, mama yako anagombana na magurudumu ya sanduku. Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya mto wako. Lakini najijua. Nitapita saa kumi na mbili, nitasema ngoja niiweke siku nyingine, nitaichukua. Kwa hiyo nainuka nije mlangoni niitie mkononi mwako kabla hujavua viatu. Isome hapo hapo. Nitakuwa nimesimama mbele yako mpaka uimalize.

Baba yako,
Masanja